Je, klabu ya mtaani ipokee udhamini wa kampuni ya kamari?

Swali: Wakili, mimi ni katibu wa klabu ya soka hapa Manyatta, Kisumu. Tuna timu ya wakubwa inayocheza ligi ya kaunti, timu ya wasichana, na vijana wa chini ya miaka 17 na chini ya miaka 13. Kampuni ya kamari ya mtandaoni imetuma wakala wake na mkataba wa miaka mitatu: shilingi 300,000 kila msimu, jezi za timu zote, mipira, na nauli ya mechi za ugenini. Kamati imegawanyika. Mwenyekiti anasema mwenye njaa hana miiko, na kama vilabu vikubwa kama Gor Mahia na Leopards walipokea, sisi ni nani tukatae? Mweka hazina, ambaye watoto wake wawili wanachezea timu zetu, amesema atajiuzulu tukitia sahihi. Mwingine anataka tuende kwa kiwanda cha sukari, nacho wakulima wanakidai pesa za miwa. Je, ni haki klabu kupokea pesa kama hizi? Nimekutumia mkataba wenyewe uusome. (Katibu, mwalimu wa shule ya msingi)

Mwalimu, umefanya vyema kunitumia mkataba mzima. Swali hili huletwa kwangu mara nyingi bila karatasi, na tukilijadili hivyo tunaishia kubishana kama kamari ni dhambi au si dhambi, halafu kila mtu anaondoka na imani aliyokuja nayo. Vifungu ndivyo vilivyonipa jibu. Msitie sahihi mkataba huu kama ulivyo. Upo mkataba mwingine na kampuni hiyohiyo ambao timu ya watu wazima ingeweza kuukubali bila kujivunjia heshima, nami nitaueleza, ingawa kama ningekuwa kwenye kamati yenu kura yangu ingekwenda kwa mweka hazina.

Nianze na mwenyekiti, maana anayosema si upuuzi. Anajua malipo ya mwamuzi, anajua kwamba matatu ya kwenda Ahero inataka pesa kabla wachezaji hawajapanda, na sitashangaa nikisikia kwamba ni yeye anayechomoa mfukoni mwake pengo likitokea. Pesa za kamari zimewahi kufanya mambo ya maana katika soka letu. Juni 2018 mashindano ya SportPesa Super Cup, yaliyobeba jina la kampuni ya kamari ya SportPesa, yalichezwa uwanja wa Afraha, Nakuru. Gor Mahia waliifunga Simba ya Tanzania 2-0 kwenye fainali, na zawadi yake ikawa kwenda Goodison Park kucheza na Everton Novemba mwaka huo. Walifungwa 4-0, lakini walicheza kwenye nyasi ambazo vijana wengi hapa wanaziona kwa televisheni tu. Sitaki kumwambia mtu kwamba furaha ile ilikuwa ya uongo.

Lakini mwenyekiti ayakumbuke yote. Januari 2018, serikali ilipopandisha kodi ya kamari hadi asilimia 35, SportPesa ilifuta udhamini wake wa michezo nchini, Gor na Leopards wakiwemo na ligi yenyewe ikiwemo. Ilirudi baadaye, kisha 2019 leseni yake ikakwama na udhamini ukakatika mara ya pili. Mara zote mbili hakuna klabu iliyokuwa imekosa. Ugomvi ulikuwa wa kampuni na serikali, wachezaji ndio waliokaa bila mishahara. Tangu hapo mambo hayajatulia: Aprili 2025 bodi iliyosimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na mwaka huohuo ikaja Sheria ya Kudhibiti Kamari kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Sasa fungua kifungu cha 11 cha mkataba wenu. Kampuni inaweza kujitoa kwa notisi ya siku 14. Klabu haina ruhusa ya kujitoa hata kidogo kwa miaka mitatu. Anayesema mna njaa, na awaeleze mtakula nini siku ya kumi na tano.

Hata hivyo, sikatai kwa sababu pesa hizo zinaweza kukatika. Pesa ya mdhamini yeyote inaweza kukatika. Ninakataa kwa sababu ya kile mnachoambiwa mkitoe ili mpewe hizo laki tatu.

Kampuni hii haina shida ya kujulikana. Matangazo yake yako redioni na kwenye simu ya kila kijana Kondele. Haihitaji nembo yake ionwe na watu mia mbili kandokando ya uwanja wa vumbi. Inachokosa ni kitu mlicho nacho nyinyi: mzazi wa Manyatta anamwamini kocha wenu kiasi cha kumwachia mtoto kuanzia saa nane hadi jua linapozama, na kijana aliyekwama akishauriwa na nahodha wake atasikiliza kuliko anavyomsikiliza mtangazaji. Imani hiyo mliijenga kwa miaka, na vifungu vitatu vya mkataba vinaihamisha kwa mtu mwingine.

Kifungu cha 4 kinasema nembo ya kampuni ikae kifuani mwa jezi za timu zote. Timu zote, maana yake ni pamoja na mtoto wa miaka kumi na moja. Kisheria mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari nchini Kenya, kwa hiyo mtoto huyo atavaa tangazo la bidhaa ambayo angekamatwa nayo kama mteja. Huko Uingereza, ambako kamari imetapakaa kwenye soka kuliko kwetu, kanuni za kampuni zenyewe zimekataza kwa miaka mingi nembo za kamari kwenye jezi za watoto: baba ananunua jezi yenye nembo, mtoto ananunua ileile ikiwa tupu. Na Aprili 2023 vilabu vya Ligi Kuu ya huko vilikubaliana vyenyewe kuondoa kamari kifuani mwa jezi za wachezaji msimu wa 2025/26 ukiisha. Italia ilipiga marufuku kwa sheria ya 2018, Hispania ikafuata. Ninachoogopa ni kwamba milango ikifungwa huko, mawakala wataongezeka huku, na jezi za watoto wetu ndizo nafasi ya bei rahisi iliyobaki.

Wakala atawaambia watoto hawasomi maandishi ya kifuani. Mwalimu, wewe unafundisha. Waombe watoto wa darasa la nne wachore mchezaji wa mpira, uone wanaandika nini kifuani mwake.

Kifungu cha 7 ndicho kilichonifanya nisome mara ya pili. Klabu inapewa nambari yake maalum. Mchezaji, mzazi au shabiki akijiandikisha kwa kampuni kwa kutumia nambari hiyo, klabu inapata asilimia 25 ya "mapato halisi" yanayotokana naye kwa muda wote wa mkataba. Hebu tulieleze hilo kama linavyoelezwa kwenye kinyozi. Mapato halisi ya kampuni ya kamari ni pesa zilizowekwa na wachezaji, ukitoa zile walizoshinda. Yaani ni walizopoteza. Ili klabu yenu ipate shilingi 50,000 kwa mwaka kutoka kifungu hiki, watu waliojiandikisha kupitia kwenu lazima wawe wamepoteza shilingi 200,000. Hao si watu wa mbali. Ni yule wa bodaboda anayebeba mipira yenu bila kulipwa, ni mamaye winga wenu wa kulia anayeuza omena pale Kibuye, ni wachezaji wenu wenyewe. Shilingi 150,000 zinaenda kwa kampuni, 50,000 zinarudi kwenu, na mnaandika barua ya shukrani. Kama mna shida ya 50,000, heri mzunguke na daftari mkawachangishe watu haohao moja kwa moja. Mtakuwa mmewaokolea 150,000.

Fikiria pia Jumamosi jioni. Timu imeshinda, vijana wamejaa kwenye kibanda cha kuonyesha mpira, mechi ya Uingereza inaanza, na kwenye kikundi cha WhatsApp cha klabu unaingia ujumbe: weka hamsini kwa nambari yetu, saidia timu yako. Mtu akipoteza anaambiwa amechangia. Kijana aliyekuwa anaweka hamsini kwa siri sasa anaweka mia mbili kwa uzalendo, kwa sababu kocha amesema. Mkeo akikuuliza pesa ya unga imeenda wapi, unamjibu ni ya klabu. Hapo ndipo klabu inapokuwa chombo cha kumaliza watu wake, na hakuna jezi mpya inayoweza kufidia hilo.

Kifungu hicho kina tatizo la kanuni pia. Kanuni za maadili za FIFA zinawakataza wachezaji, makocha na viongozi wa soka kubeti kwenye mechi za mpira, na zinawakataza kuwa na maslahi, ya moja kwa moja au ya kuzunguka, katika kampuni zinazoendesha biashara hiyo. Kuna watakaobisha kwamba udhamini wa kawaida si maslahi ya aina hiyo. Sawa. Lakini mgawo wa hasara za wachezaji na mashabiki wenu unakaribia mno mstari huo, na mimi kama wakili siwezi kuwaambia mko salama. Zaidi ya hayo, mnawafundisha vijana wa ligi ya kaunti kuishi ndani ya simu ya kamari huku mkiwaambia wasiiguse. Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne wa klabu ya Kakamega Homeboyz kwa kupanga matokeo, mmoja wao maisha. Kakamega ni hapo tu, na wale walikuwa vijana kama wenu. Anayetafuta mchezaji wa kununua humwanza yule mwenye deni la kubeti.

Kifungu cha 9 ni kifupi: klabu itakabidhi orodha ya majina na nambari za simu za wanachama, wachezaji na wazazi "kwa mawasiliano ya matangazo". Hili hamna mamlaka ya kulifanya. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mwenye taarifa aelezwe na akubali, na kwa mtoto inataka idhini ya mzazi. Mzazi alikupa nambari yake umpigie mtoto akivunjika mguu. Ukiiuza, mnaweza kushtakiwa kwa Kamishna wa Kulinda Data, na mtakaoitwa ni nyinyi mliotia sahihi.

Sasa lile swali lako kubwa, kama ni haki klabu kupokea pesa za kampuni inayolalamikiwa. Sina imani na orodha ya kampuni safi na kampuni chafu. Ukiitengeneza leo, kesho benki iliyokuwa safi inauza shamba la mjane kwa mnada. Sheria imeshatuamulia jambo moja tu kwa ukamilifu, nalo ni tumbaku: tangu sheria ya 2007, kampuni ya sigara haiwezi kudhamini michezo Kenya, na hakuna klabu iliyokufa kwa hilo. Kwa mengine yote mimi huangalia madhara ya kampuni yanamwangukia nani, na kama nembo ya klabu ndiyo inayosaidia yamfikie.

Chukua Arsenal, ambayo mashabiki wake hapa Kisumu wanatosha kujaza uwanja wa Mamboleo. Mwaka 2018 ilianza kuvaa tangazo la utalii la Rwanda mkononi mwa jezi. Mapema 2025, mji wa Goma mashariki mwa Kongo ulipotekwa na waasi wa M23, waziri wa mambo ya nje wa Kongo aliziandikia Arsenal, Bayern na PSG akizitaka ziache udhamini huo, kwa kuwa nchi yake inaishutumu Rwanda kuwaunga mkono waasi. Lile ni suala zito la kimaadili, nami naona Wakongo walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini aliyeumia Goma hakuumia kwa sababu alimwamini nahodha wa Arsenal. Kwenu nyinyi anayeumia na anayewaamini ni mtu mmoja. Ndiyo maana mkataba mdogo wa Manyatta unanitia wasiwasi kuliko ule wa mamilioni ya pauni wa London. Kwa kipimo hicho mikopo ya simu inayotoza riba kwa siku iko karibu sana na kamari, hasa kwa kuwa mmoja hukopa huku ili abeti kule. Kampuni ya bia kwa timu ya watu wazima ni jambo la kujadiliana. Kwa timu ya watoto si la kujadiliana.

Kiwanda cha sukari ni habari nyingine, na hapa sikubaliani na wanaodhani ni afadhali kwa kuwa sukari haina ubaya. Sukari haina ubaya, deni linao. Ukanda wetu umeishi na vilabu vya viwanda: Chemelil, Muhoroni, Nzoia, Sony. Viliajiri vijana, vilijenga viwanja, vilitupa mabingwa, kwani Sony Sugar ya Awendo walichukua ligi kuu 2006. Kisha viwanda vikaanza kuyumba, na msimu wa 2019/20 Sony hao hao wakafukuzwa ligi kuu baada ya kushindwa kufika kwenye mechi tatu. Ukienda leo kwa kiwanda kinachodaiwa na wakulima, pesa utakayopewa ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuwa amekaa kwenye nyasi akikutazama ukiichezea. Msipokee chochote hapo kabla wakulima hawajalipwa. Tofauti yake na kamari ni kwamba huyu anaweza kujirekebisha: akilipa deni, ubaya umekwisha na mnaweza kuvaa nembo yake bila aibu. Mkiwa na ujasiri, mwambieni hivyo kwa barua. Kampuni ya kamari haiwezi kuacha kula hasara za wateja wake, kwa sababu hiyo ndiyo biashara yenyewe.

Kuna jambo ambalo barua yako haikulitaja, na katika klabu ya Nyanza litawafikia mapema. Mna wachezaji Waislamu na mna Waadventista, na wazazi wao wana dhamiri. Mshambuliaji Mwislamu Frédéric Kanouté alipokuwa Sevilla mwaka 2006 alikataa kutangaza kampuni ya kamari iliyokuwa kifuani mwa jezi. Mwislamu mwenzake, Papiss Cissé wa Newcastle, alikataa kuvaa nembo ya kampuni ya mikopo mwaka 2013, na mzozo ukasumbua klabu yake majira mazima ya kiangazi. Wale walikuwa nyota, vilabu vililazimika kuwasikiliza. Msichana wa miaka kumi na sita wa Manyatta akikataa jezi, atakaa benchi, kisha ataacha kuja. Mkataba wowote mtakaoutia sahihi, na mdhamini yeyote, uwe na kifungu kinachomruhusu mchezaji kuvaa jezi isiyo na nembo bila kuadhibiwa.

Niliahidi kueleza mkataba ambao ningeweza kuuvumilia. Nembo iwe kwa timu ya watu wazima pekee, na jezi za watoto na vijana zitoke kwingine au ziwe tupu. Kifungu cha 7 kifutwe chote, wasiwape hata toleo lake la asilimia ndogo, na cha 9 vilevile. Muda uwe msimu mmoja, na klabu iwe na haki ya kujitoa kwa notisi sawa na ya kampuni. Mdhamini asiweke wakala uwanjani siku ya mechi za watoto. Pesa yote ya msimu ilipwe kabla ya mechi ya kwanza, iingie kwenye akaunti ya klabu yenye watia sahihi watatu, kamwe isiingie kwenye simu ya kiongozi. Na kabla ya yote, mkutano wa wanachama na wazazi uitishwe, mkataba usomwe kwa sauti kwa Kiswahili na Kidholuo, kisha kura zipigwe za siri. Nina hisia kubwa kwamba wakala akiona vifungu vya 4, 7 na 9 vimeondoka, laki tatu zitashuka ghafla. Zikishuka, mtakuwa mmejua bei ya kila kitu alichotaka kununua.

Kuhusu njaa yenyewe, laki tatu kwa msimu ni nyingi lakini si mlima. Wanachama na wazazi 100 wakitoa shilingi 100 kila mwezi, kwa miezi kumi ni laki moja. Timu nne mnazo, kwa hiyo mna vifua vinne vya kukodisha, na si lazima vyote viwe vya mtu mmoja: duka la vifaa vya ujenzi, sacco ya matatu, zahanati, duka la dawa, shule ya udereva. Hao hawana laki tatu, lakini wana elfu ishirini na thelathini, na biashara zao ziko mtaani kwenu. Jiandikisheni kwa Msajili wa Michezo kama bado, maana Sheria ya Michezo ya 2013 inataka hivyo, na kaunti au shirika halitawagusa bila cheti. Mnapomwendea mwanasiasa, kwa sababu najua mtamwendea, aje na mipira na aondoke. Asibatize timu jina lake, ama mtaanza kutafuta jina jingine kila baada ya uchaguzi.

Mweka hazina asijiuzulu. Mwambie nimesema hivyo. Klabu inayompoteza mtu anayehesabu pesa na bado anauliza zimetoka wapi, itampata nani wa kuwalinda mwenyekiti akiwa na haraka?

Mjibu wakala kwa maandishi wiki hii, utaje vifungu vya 4, 7, 9 na 11 na mabadiliko mnayotaka, na umpe siku kumi. Usikutane naye peke yako, na usipokee mpira hata mmoja wa "kuonja". Akikubali, nitumieni rasimu mpya kabla ya mkutano wa wanachama, nami nitakuja kuisoma mbele ya wazazi bila malipo. Akikataa, nitumieni orodha ya maduka ya barabara yenu, tuandike barua ya kuwaomba udhamini pamoja.